Gesi ya Kiyoyozi Haiishi, Huvuja

Kaskazi, msimu wetu wa joto, ikiingia hapa Zanzibar mafundi wa viyoyozi hawapumziki. Tokea Shangani hadi Malindi, Nungwi hadi Paje, simu ni ile ile: "Fundi, njoo unitilie gesi, AC haipozi." Fundi huja, hutia, hulipwa. Kaskazi ya pili huitwa tena.

Tulijue hili: gesi ya kiyoyozi haiungui ikaisha kama petroli ya gari. Huzunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa, ikibeba joto la chumbani kulitupa nje. Ikipungua, pana pahala panavuja. Kutia gesi bila ya kuziba ni kulipa pesa iende angani. Na huko angani ina madhara: kilo 1 ya R-410A, iliyomo katika viyoyozi vingi, hupasha dunia joto kuliko kilo 2,000 za hewa ukaa. R-22 ya mashine kongwe haiko mbali na hapo, tena hula tabaka la ozoni.

Oktoba 2016, hapa jirani Kigali, mataifa yalikubaliana kupunguza gesi za jamii ya R-410A. Badala yake zipo gesi za asili: R-600a kwenye mafriji, na R-290 kwenye viyoyozi, ambayo ni propani, jamaa ya gesi tunayopikia. Madhara yake kwa hali ya hewa ni madogo mno. Lakini hushika moto, kwa hiyo inataka mashine iliyoundwa kwa ajili yake na fundi aliyeisomea. Asikutilie mtu R-290 katika mashine ya R-22 kwa kuwa ni rahisi.

Wenye hoteli, kwenu nina neno. Kiyoyozi kinatupa joto nje ya dirisha, na katika jengo hilo hilo hita inakula umeme kuchemsha maji ya kuogea. Badala ya hita hiyo, pampu ya joto huchota joto la hewa yetu, lisilouzwa, na kwa uniti 1 ya umeme hutoa joto la uniti 3 hivi. Umeme wetu hupita chini ya bahari kutoka bara; waliokaa gizani umeme huo ulipokatika tokea Disemba 2009 hadi Machi 2010 wanajua uniti moja ina thamani gani.

Basi tugawane kazi. Mwenye nyumba, mtake fundi atafute panapovuja kabla hajafungua mtungi. Fundi, gesi ya zamani ivutie mtungini, usiiachie hewani. Unayenunua friji, hata la mtumba, soma kibandiko cha nyuma ujue lina gesi gani. Unayeishi Mji Mkongwe, ukuta wako mnene wa mawe na chokaa ni msaada: funga madirisha jua likiwa kali, yafungue usiku, AC ifanye kazi iliyobaki.

Usingoje kaskazi ianze kuvuma. Mpigie fundi wako sasa, na umuulize kwanza: "Inavuja wapi?"