Afya ya jamaa: Anayesahau si mvivu

Juma hili mama mmoja wa kikundi chetu alituuliza kama atoe pesa ya likelemba anunue unga wa ketoni. Kijana wake anatumia dawa za ugonjwa wa akili. Sauti alizokuwa akisikia zimenyamaza, lakini akitumwa chumvi anarudi na sabuni. Nyumbani wanamwita mvivu.

Tuanze hapo. Ugonjwa mkubwa kama skizofrenia hugusa pia kumbukumbu na uangalifu, na dawa zinazonyamazisha sauti hazisaidii sana upande huo. Kijana si mvivu, anaumwa.

Sasa, ketoni ni nini? Ubongo unakula karibu sehemu moja kwa tano ya nguvu za mwili, na chakula chake cha kawaida ni sukari inayotoka katika bugali, wali na mkate. Mtu akikosa vyakula hivyo, ini hutengeneza ketoni kutoka katika mafuta, na ubongo huzitumia. Huko Marekani, tangu 1921 waganga wanatibu kifafa kwa chakula cha mafuta mengi na wanga kidogo sana. Mwaka 2024, Chuo Kikuu cha Stanford kilieleza jinsi wagonjwa wa akili 21 walivyofuata chakula hicho miezi minne, na wengi walipata nafuu. Lakini walikuwa wachache, hapakuwa na kundi la kulinganisha, na waliendelea na dawa zao wakiangaliwa na waganga. Tena walibadili chakula, hawakupewa unga wa kunywa. Unga huo hupandisha ketoni kwa saa chache tu, na haujathibitishwa kuwa dawa ya kumbukumbu.

Basi mama, likelemba ibaki. Usimkatishe kijana dawa, wala usimfungishe kula ili apate ketoni. Na mwenye ugonjwa wa sukari anayechoma insulini, ketoni zikimzidi zinaweza kumuua.

Sisi walimu tuna njia isiyouzwa. Mtume jambo moja kwa mara moja. Mwambie alirudie kwa mdomo wake. Mwandikie kwenye karatasi. Kazi za nyumbani ziwe na saa ileile kila siku. Na siku ya kuchukua dawa, mweleze muganga habari ya kusahau, maana mara nyingi tunamweleza habari ya kelele tu.

Yule mama ameanza na karatasi ya sokoni. Tutamuuliza tukikutana.