Mzee Si Gofu

Walimu wenzangu, hapana neno tulifundishalo kwa fahari kama "mzee". Twawaambia wanafunzi kuwa ni neno la heshima, nao hulinakili. Lakini nilipowapa wanafunzi wangu hapa Nyakiyumbu insha ihusuyo mzee wa kijijini kwao, niliyoyasoma yalikuwa mkongojo, kikohozi na usahaulifu. Hakuna aliyeandika hata neno moja lililotoka kinywani mwa mzee huyo.

Kosa si la watoto, ni letu. Chuoni tulifundishwa saikolojia ya mtoto kwa kirefu, ya mzee hatukuambiwa kitu. Tukadhani kukua hukoma ujanani. Erik Erikson aliyakanusha hayo tangu mwaka 1950, alipoeleza hatua 8 za maisha ya binadamu. Ya mwisho ni uzee, wakati mtu ayapimapo maisha yake: ama huyaridhia, ama hukata tamaa. Raymond Cattell na John Horn nao walitenganisha akili ya wepesi, ambayo hupungua mapema, na akili ya maarifa yaliyokusanywa, ukiwamo msamiati, ambayo hudumu hadi uzeeni. Basi asemaye kwamba mzee "amekwisha" hajui asemalo. Maradhi ya usahaulifu yapo, lakini ni maradhi. Si jina jingine la uzee.

Serikali nayo ina kipimo chake. Ruzuku ya wazee iliyoanzishwa Uganda kwa majaribio mwaka 2010, iliposambazwa nchi nzima, iliwekewa umri wa miaka 80 na shilingi 25,000 kwa mwezi, tena kwa kitambulisho cha taifa. Ambaye mwaka wake wa kuzaliwa uliandikwa vibaya hukosa. Hivyo jamii humwona mzee mno asisikilizwe, na karatasi humwona kijana mno asisaidiwe.

Wapo watakaosema kuwa ruzuku si kazi ya mwalimu. Naam, kazi yetu ni lugha. Lakini sokoni Mpondwe, mpakani na Kongo, wamo wazee waliojifunza Kiswahili kwa kuuza na kununua kabla sisi hatujapata cheti cha kukifundisha. Mbona twawapita tukikimbilia kamusi? Tuwaalike darasani. Wanafunzi wawaulize majina ya mazao, vipimo na desturi za biashara, waandike, kisha wawasomee walichoandika, nao wazee wasahihishe. "Shikamoo" isiyofuatwa na swali ni salamu tupu.