Njaa Mnayotuuzia

Nilizirai ndani ya matatu ya Rongai, saa kumi na mbili na nusu jioni, nauli bado mkononi. Konda alidhani nimelewa. Mama aliyeketi kando yangu ndiye aliyenipepea kwa gazeti, na nilipofungua macho akatoa andazi kwa mfuko wake. "Kula, msichana wangu. Leo umekula nini?" Nikamwambia ukweli: mayai mawili na tango. Akaniuliza kwa sauti ya chini kama nimefutwa kazi.

Sikuwa nimefutwa kazi. Nilikuwa nimelipa. Shilingi 1,500 kwa siku 30, nilizomtumia kwa simu mwanamke ambaye sijawahi kumwona ana kwa ana, ili aniambie nisile.

Ratiba yenyewe ilikuwa hivi. Asubuhi, maji vuguvugu yenye ndimu. Saa nne, yai. Mchana, tango na nusu parachichi. Jioni, yai lingine na supu ya kabeji, kisha ulale haraka kabla tumbo halijaanza kelele. Ugali marufuku, wali marufuku, chapati hata usiitaje. Kila asubuhi tulipiga picha ya mizani na kuituma kwa kundi la WhatsApp, watu 41, tukapongezana. Kwa mjengo, mtu akikosa chakula cha mchana anasema amekula hewa, na anasema kwa uchungu. Sisi tulikula hewa tukaiita nidhamu.

Hebu tupige hesabu ambayo hakuna aliyenipigia. Nilikuwa kilo 80, urefu sentimita 165, umri miaka 34. Kuna fomula ya mwaka 1990, inaitwa Mifflin-St Jeor, na wataalamu wa lishe wanaitumia mpaka leo: uzito mara 10, jumlisha urefu mara 6.25, toa umri mara 5, na kama wewe ni mwanamke toa 161. Jibu langu ni 1,500. Hizo ndizo kalori ambazo mwili wangu unateketeza kwa siku nikiwa nimelala chali tu, moyo ukipiga na figo zikichuja. Ongeza ngazi za ghorofa ya nne, kufua Jumamosi na kukimbizana na matatu, unapita 2,000 bila shida. Ile ratiba haikufika 700.

Wauzaji wenye huruma kidogo watakwambia 1,200. Nambari hii imesambaa kila mahali, kama kwamba ilishuka mlimani ikiwa imeandikwa kwa jiwe. Mwaka 1918 daktari Mmarekani, Lulu Hunt Peters, alichapisha kitabu kilichowafundisha watu wake kuhesabu kalori, na 1,200 ndicho kiwango alichowapa waliotaka kupungua. Zaidi ya karne moja baadaye, mama anayeuza mitumba Gikomba, anayesimama toka alfajiri na kubeba mzigo mwenyewe, anapewa nambari hiyo hiyo. Hakuna anayemuuliza uzito wake wala kazi yake.

Sasa, wacha niwe mkweli, kwa sababu hata upande wangu una porojo zake. Utasikia ati ukila kidogo sana mwili "unajifunga" na hupungui tena. Si kweli. Utapungua. Mimi nilipoteza kilo 7 kwa wiki tano. Swali ni unapoteza nini, na nini kinafuata. Kati ya 1944 na 1945, Ancel Keys wa Chuo Kikuu cha Minnesota aliwachukua wanaume 36 waliokataa vita kwa sababu ya dhamiri, akawalisha karibu kalori 1,600 kwa siku kwa miezi sita. Soma tena: 1,600, zaidi ya mara mbili ya chakula changu. Walipoteza karibu robo ya uzito wao, na misuli ikaenda pamoja na mafuta. Walihisi baridi hata wakati wa joto, wakalamba sahani, wakakusanya vitabu vya mapishi, wakawa na hasira na huzuni. Chakula kiliporudi walikula na wasishibe, na mafuta yakarudi mwilini kupita yale waliyoanza nayo.

Mimi pia nililala na simu nikitazama video za watu wakipika pilau. Hedhi ilikosa miezi miwili. Nywele zilianza kutoka mwezi wa tatu, nikidhani ni mafuta mapya niliyonunua. Zile kilo 7 zilirudi zikiwa 9.

Najua kuna jibu. Uingereza walifanya utafiti uitwao DiRECT, matokeo yakatoka 2017: watu wenye kisukari cha aina ya pili walikula kalori kati ya 825 na 853 kwa siku kwa miezi kadhaa, na baada ya mwaka karibu nusu yao kisukari kilikuwa kimetulia. Sawa kabisa. Lakini wale walikuwa chini ya kliniki, dawa zao zikiangaliwa, chakula chao kikiwa kimetengenezwa na vitamini zote ndani, halafu wakarudishwa kwa chakula cha kawaida hatua kwa hatua. Hawakutumiwa PDF.

Na mnavyouchukia ugali! Gramu 100 za unga wa mahindi ni kama kalori 360. Vijiko vitatu vikubwa vya mafuta, vile tunavyomimina kwa sukuma bila kutazama, ni hizo hizo 360. Lakini sijawahi kuona mtu akiyaombea mafuta msamaha.

Ila chapati iliombewa. Kulikuwa na dada mmoja kwa kundi, nesi, zamu za usiku. Asubuhi moja aliandika: "Nimeanguka. Nimekula chapati mbili na ndengu saa nane usiku. Mnisamehe." Ndengu! Chakula chenye protini, kwa mtu aliyekuwa amesimama saa kumi akigeuza wagonjwa. Na mimi, mimi mwenyewe, nilimjibu mbele ya watu wote: "Kwani huna msimamo?" Watu 19 wakaweka vidole gumba. Alitoka jioni hiyo. Nimetafuta namba yake, simpati.

Siku hizi nakula karibu 1,750. Uji asubuhi, ugali wa ukubwa wa ngumi mchana na omena au maharagwe, matunda, jioni githeri ama chapati moja, mafuta kwa kijiko na si kwa jicho. Kwa miezi tisa nimepungua kilo 8. Ni pole pole mpaka inaboesha, na hakuna picha ya kutuma popote. Hedhi imerudi.

Wiki jana kundi lilifunguliwa tena, ada sasa ni 2,000. Nililipa nikaingia. Nikaandika kwamba nilizirai, nikaeleza kuhusu nywele, nikauliza kama kuna anayejua alipo yule nesi. Nilitolewa kabla ya dakika tano. Pesa haijarudishwa.