Breki za kompyuta zimefika Kisiwani, mashine ya kuzipima je?

Ukishuka na gari kutoka milima ya Upare kuelekea Kisiwani, wilayani Same, breki ndiyo kila kitu. Sasa jiulize: pedali ikianza kuwa laini na kuzama hadi chini, nani atakutengenezea?

Zamani jibu lilikuwa rahisi. Fundi, spana, mpira mwembamba, chupa tupu na mtu wa kukanyaga pedali. "Kanyaga, shikilia, achia." Upepo unatoka, kazi imeisha.

Magari mengi ya siku hizi hayakubali hivyo kila mara. Tatizo liko hapo.

Upepo una shida gani?

Gari dogo husimama kwa nguvu ya mafuta ya breki. Unakanyaga, mafuta yanasukuma, pedi zinabana diski. Mafuta hayabonyei, ila upepo unabonyea. Ukiingia kwenye mirija, nguvu ya mguu wako inaishia kubana upepo badala ya kusimamisha gari.

Halafu kuna maji. Mafuta ya breki hunyonya unyevu taratibu. Mafuta ya DOT 3 yakiwa mapya hayatakiwi kuchemka chini ya nyuzi 205 za Selsiasi. Yakishanyonya maji, kiwango hicho kinashuka hadi 140. Kwenye mteremko mrefu breki zinapata moto, maji yanageuka mvuke, na pedali inazama ghafla.

Kompyuta inaingia wapi?

Magari yenye ABS, ule mfumo unaozuia tairi kujifunga ukikanyaga kwa nguvu, yana pampu na valvu ndogo ndogo ndani. Upepo ukijificha humo, unaweza kukanyaga pedali hadi jioni na usitoke. Inabidi programu iamuru pampu izunguke na valvu zifunguke huku fundi akitoa mafuta kwenye gurudumu.

Toyota wana programu yao, Techstream. Wenye Ford wengi hutumia FORScan. Zote zinafanya kazi kwenye laptop iliyounganishwa na gari. Kwa Toyota Prius, ambayo breki zake zinasimamiwa na umeme, programu ni sehemu ya utaratibu wenyewe wa kutoa upepo.

Ila usikubali kupigwa. Kubadilisha pedi za gari la kawaida hakuhitaji kompyuta. Kubadilisha mafuta pia mara nyingi kunawezekana kwa mkono, mradi kikopo cha mafuta kisikauke katikati ya kazi. Mashine inahitajika zaidi kikopo kikishakauka, au kifaa cha ABS kikibadilishwa.

Kale kakifaa ka bei rahisi

Mtandaoni kuna vifaa vidogo vya Bluetooth, maarufu kama ELM327. Unachomeka chini ya usukani, unapakua programu kwenye simu, unasoma matatizo ya injini. Wengi wanadhani hapo tayari wana gereji mfukoni.

Kumbe vingi havifiki kwenye ABS kabisa. Na hata kikisoma kosa la ABS, kusoma kosa siyo kuamuru pampu izunguke. Kabla hujanunua, uliza swali moja: je, kinaweza kutoa upepo kwenye breki za gari langu, la modeli hii na mwaka huu?

Nani abebe mzigo?

Tanzania inategemea sana magari yaliyotumika kutoka Japani. Gari linakuja na teknolojia yake yote, lakini mashine na maelekezo ya kulitengeneza havipandi meli pamoja nalo. Fundi wa gereji ndogo anaachiwa abahatishe, na anayepanda ile Noah iliyojaa abiria na tangawizi kutoka Mamba Miamba hana namna ya kujua.

Gharama ya breki mbovu tunaijua. Februari 24, 2024, huko Ngaramtoni, Arusha, lori liligonga magari mengine na watu 25 wakapoteza maisha. Polisi walitaja kufeli kwa breki. Malori makubwa yana mfumo tofauti, lakini mteremko hauchagui gari.

Ukaguzi barabarani peke yake hautoshi. Macho ya trafiki hayaoni maji ndani ya mafuta ya breki, wala upepo ndani ya ABS. VETA wanafundisha ufundi magari. Kozi fupi za breki za kompyuta, zikipelekwa hadi wilayani, zingesaidia kuliko stika kwenye kioo. Na mafundi wenyewe wanaweza kuchangishana kupitia kikundi wakanunua mashine moja nzuri ya Same nzima. Siyo kila gereji inahitaji ya kwake.

Wewe ufanye nini?

Taa ya ABS ikiwaka, usiizoee. Pedali ikiwa laini, usishuke mlima, hata kama unasubiriwa msibani. Ukipeleka gari kwa fundi, muulize kama kikopo kilikauka. Na kwenye mteremko tumia gia ya chini, injini ikusaidie kushikilia gari.

Desemba magari ya kutoka Dar yatapanda tena kwenda Upare. Kupanda siyo shida sana. Kazi ni kushuka.