Neno la Mhariri: Aibu Haimlei Mtoto

Oktoba 2022, wasichana wa Tanzania wenye umri chini ya miaka 17 walikwenda India kwenye Kombe la Dunia, wakaifunga Ufaransa, wakafika robo fainali. Tuliwashangilia Serengeti Girls kama walivyostahili. Lakini msichana anayekimbiza mpira mtaani jioni hii, amejaa vumbi hadi magotini, bado anaitwa jikedume, na bado yuko shangazi anayemuuliza mama yake huyo ataolewa na nani. Akivaa jezi ya taifa ni fahari yetu sote; akiwa na miaka tisa ni tatizo la ukoo.

Toleo hili linahusu malezi ya watoto wa namna hiyo: wa kike asiyetaka kusukwa wala kuvaa gauni, wa kiume anayeshinda jikoni na dada zake, mwenye sauti nyororo, anayependa rede kuliko mpira na machozi yake yako karibu. Ninalotaka kusema ni hili: kumwaibisha mtoto hakumbadilishi, humfundisha kujificha tu. Na mtoto aliyekwisha kujifunza kuwaficha wazazi wake, siku ya shida hana pa kukimbilia.

Wa kike walau amefunguliwa mlango kidogo. Marehemu Bi Kidude, Fatuma binti Baraka wa Zanzibar, aliikimbia ndoa, akavuta sigara mbele za watu, akapiga ngoma kwa mikono yake mwenyewe. Mwaka 2005 alitunukiwa tuzo ya WOMEX, na mpaka anafariki Aprili 2013 alikuwa fahari ya visiwa. Tunamsifu sana. Sijui kaya ngapi zingemvumilia binti mwenye moyo kama wake.

Kwa mtoto wa kiume hata mlango huo haupo, ndiyo maana nakaa kwake zaidi. Tazama kazi tunazomkataza. Harusini Mombasa na Unguja, anayesimama juu ya sufuria kubwa za biriani ni mwanamume, na watu humsifu kwa jina. Cherehani nyingi za barazani zinaendeshwa na wanaume, wanaopima na kukata magauni ya kina mama. Dar es Salaam, vijana wa Kimasai wanasuka nywele za wanawake mchana kweupe, na wateja wanapanga foleni kwa sababu mkono wao ni mwepesi na mistari yao imenyooka. Hakuna anayewauliza kama ni wanaume. Mtoto wa miaka saba akichukua kitana amsuke dada yake, hapo ndipo fimbo inapotafutwa. Kwa mtu mzima tunaiita riziki. Kwa mtoto, ambaye anafanya kwa kupenda tu, tunaiita balaa.

Hata huo uanaume tunaoutetea hauna sura moja. Morani wa Kimasai hufuga nywele, akazisuka na kuvaa shanga. Mwanamume wa pwani huvaa kanzu ndefu, hufukiza nguo zake udi, na wengine hupaka wanja. Ukimpeleka mmoja kwa mwenzake bila maelezo, kila mmoja atamshangaa mwingine, na wote wawili ni baba za watu, wanaheshimiwa kwao. Mtoto anayetofautiana na wenzake kwa mwendo au michezo hajavunja kitu kilichokuwa kimoja tangu enzi za mababu.

Nawajua wazazi wanaosema, "Samaki mkunje angali mbichi." Siwadharau. Wengi wanachokiogopa si mtoto. Wanaogopa jirani, mwalimu, wakwe, maneno ya msibani. Mama ndiye anayebeba zaidi, maana lawama yote huangukia kwake: umemdekeza, umemlea kama binti, baba yake angekuwepo haya yasingetokea. Hofu hiyo ina sababu. Jamii yetu inaweza kuwa katili. Lakini mzazi anayempiga mwanawe ili watu wasimcheke amewatangulia hao watu, na amewapa ruhusa.

Yako makubwa kuliko kuchekwa. Utafiti wa kitaifa uliofanyika Tanzania mwaka 2009 kuhusu ukatili dhidi ya watoto uliwahoji vijana wa miaka 13 hadi 24. Karibu wasichana 3 katika kila 10, na mvulana 1 katika kila 7, walisema walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Mvulana mmoja kati ya saba. Wengi hawakumwambia mtu yeyote. Sasa mfikirie yule aliyekwisha kuambiwa nyumbani kwamba mwendo wake ni aibu. Akishikwa na mtu mzima, atamwambia nani? Anajua swali la kwanza atakaloulizwa: "Na wewe kwa nini unajilegeza?" Mwovu naye analijua hilo, na humchagua mtoto ambaye kwao hawatamsikiliza. Ndiyo maana nakataa hoja kwamba ukali huu ni ulinzi. Tunampokonya mtoto ulinzi pekee alionao.

Mzazi ataniuliza: je, akikua atakuwaje? Wako watakaoacha rede na kitana baada ya mwaka, wako watakaobaki walivyo maisha yao yote. Hilo haliamuliwi kwa fimbo, wala huhitaji kulijua leo ili umpe mtoto chakula, shule, sala na adabu. Adabu ni kusema kweli, kumheshimu mkubwa, kutomwonea mdogo, kufanya kazi yake akaimaliza. Hayo mfunze bila kuchoka, awe wa kike au wa kiume. Namna anavyokunja mkono anapoongea haimo kwenye orodha hiyo.

Katika kurasa zinazofuata utawasikia wazazi na walimu. Majina tumeyaficha ili watoto wasionyeshwe vidole. Wasome kwa subira, hata pale usipokubaliana nao. Kisha, ikiwa nyumbani kwako yuko mtoto wa namna hii, mwite. Usimuulize kwa nini yuko hivyo. Muulize nani anamsumbua shuleni na njiani, na akikujibu, msikilize mpaka amalize, halafu kesho asubuhi uende naye.