Mizani ya Laivu Iko Mkononi mwa Nani?

Ukipita Kibaha jioni, toka Maili Moja hata Mlandizi, au ukipanda Kisarawe kwa njia ya Pugu, utawakuta vijana wetu wameegemeza simu ukutani, wameingia laivu. Huyu anaimba, yule anafanya mzaha, mwingine anashindana na mtu wa Mombasa nani atatunzwe zaidi. Wako wazee wanaosema huu ni uvivu. Sisi hatukubali. Mtu anayekaa saa nne mbele ya simu, kwa bando alilolinunua mwenyewe, akiwachekesha watu apate chakula cha watoto, huyo anafanya kazi. Tunalouliza ni hili: jasho lake linapimwa kwa mizani gani, na ni nani aliyeishika?

Kutunza si jambo geni kwetu watu wa Pwani. Katika ngoma na taarab mtu huinuka na noti yake, akaiweka mkononi mwa mwimbaji, na ukumbi mzima huona. Noti ya elfu kumi hufika ikiwa elfu kumi.

Katika laivu sivyo. Mtazamaji wa TikTok hununua kwanza koini kwa fedha zake. Kwa koini hizo hununua zawadi: ua la waridi kwa koini 1, au simba kwa koini 29,999, naye simba huyo hanguruma wala hali nyama. Zawadi ikifika hugeuka almasi, almasi hugeuka dola, na dola, Mungu akipenda, hugeuka shilingi. Kila mgeuko una mlango, na kila mlango una mtu wake. Kijana huona simba akipita kiooni akashangilia. Ni shilingi ngapi zilizobaki njiani, haoni.

Mwaka 2022 shirika la utangazaji la BBC lilifanya jaribio juu ya laivu za wakimbizi wa Syria. Zilitumwa zawadi za dola 106. Akaunti iliyopokea ikapata dola 33. Duka la kubadilishia fedha lilikuwa na makato yake, na mawakala wao pia, hata mwenye shida zake angebakiwa na dola 19. Kampuni ilijibu kwamba fungu lake halifiki asilimia 70. Basi ni ngapi? Haikutaja. Nasi twasema, mfanya biashara asiyetaja anachokata ana sababu ya kunyamaza.

Nchi hii imekwisha kuyaona mambo hayo. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima wa pamba wa Usukuma walikuwa wakipunjwa mizani na wanunuzi. Hawakutupa majembe. Walijiunga, wakaweka wapimaji wao wenyewe kuangalia uzito, na vyama vyao, Paul Bomani akiwa mbele, vikaungana mwaka 1955 kuwa shirikisho moja la ushirika la Kanda ya Ziwa. Mkulima aliyekuwa akiambiwa uzito wa pamba yake na mtu mwingine akaanza kuusoma mwenyewe.

Vijana wa Kibaha na Kisarawe wanaweza kufanya vivyo hivyo. Leo kila mmoja yu peke yake chumbani na simu yake, akimwona jirani kuwa mshindani wa kupigwa kwa koini. Na wakutane! Walete hesabu zao mezani: zawadi zilizoingia, fedha zilizotoka, bando lililoliwa. Chuo cha Maendeleo ya Wananchi Kibaha kipo karibu. Somo la kusoma hesabu hizo lingefaa kuliko semina nyingi tulizozisikia.

Serikali nayo isijitoe. Mwaka 2022 ilianza kuyatoza kodi ya asilimia 2 makampuni ya nje yanayouza huduma zake hapa kwa mtandao. Kumbe fedha hizo zinaonekana, zikitafutwa. Basi sheria iseme hivi: kabla zawadi haijatumwa, kioo kionyeshe kwa Kiswahili na kwa shilingi bei aliyolipa mtunzaji, makato ya kampuni, na kinachomfikia aliyetunzwa. Kampuni inayouza koini Kisarawe haiwezi kushindwa kuandika mistari mitatu.