Silent Hill 2: mazimwi ni ya James mwenyewe

Wachezaji wengi wa Silent Hill 2, mchezo wa video uliotoka Japani mwaka 2001 na kutengenezwa upya mwaka 2024, husema mji ule umelaaniwa na unamtesa James Sunderland bure. Si kweli. Laura, mtoto wa miaka 8, anatembea katika mji huohuo bila kuona zimwi hata moja. Na lile jitu lenye kichwa cha chuma linalomfuata James, yeye mwenyewe anakubali mwishoni kwamba alilihitaji ili limwazibu.

James anadai kwamba mke wake, Mary, aliuawa na ugonjwa. Kumbe ni yeye aliyemziba pumzi kwa mto. Wanaomtetea husema alimhurumia mgonjwa. Huruma ilikuwepo, na uchovu pia. Aliyeuguza mtu nyumbani kwa muda mrefu anaujua uchovu huo, hata kama hausemi. Lakini James anakiri mbele ya Mary kwamba alimchukia na alitaka maisha yake yamrudie. Tena Mary alimwambia anataka kufa, kisha akamwambia hataki. Watetezi wa James hukumbuka neno la kwanza tu.